Jina Alilotumia Ilagala

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na Nikodemu alidhani ni masikio yake.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha za sinema za nje kwa Kiswahili. Aliifanya katika chumba cha uani kwake Gungu, magodoro mawili yameegeshwa ukutani kuzuia kelele za bodaboda. Alikaa mbele ya kompyuta na kipaza sauti, akawasemea wote: steringi, maadui, wanawake, hata farasi. Wiki ile Gasper, mwenye kibanda umiza cha jirani, cha kuonyeshea video, alimletea picha ya kauboi ya zamani, isiyo na rangi, iliyotengenezwa kimaskini. Mlango wa baa ukifungwa, ukuta mzima ulitikisika. Wapanda farasi walipita kwenye jiwe lile lile mara tatu, na kila mara wakasema wamefika mji mwingine. Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Askari kanzu anajifanya jambazi, anaingia kwenye genge, anakula nao, analala nao, kisha anawakamatisha.

Mkuu wa genge alimuuliza mgeni, "Unaitwa nani?" Nikodemu akatafsiri jibu kama lilivyokuwa: "Naitwa Dani." Aliporudisha nyuma kusikiliza, sauti yake mwenyewe ikasema, bila mkwaruzo wowote, "Naitwa Feliksi."

Akafuta. Akarekodi upya, akasikiliza.

"Naitwa Feliksi."

Gungu nzima hakuna aliyelijua jina hilo, hata mkewe Stephania. Miaka kumi na moja nyuma Nikodemu alikuwa polisi, akatumwa kijiji cha Ilagala kujichanganya na vijana waliokuwa wakipora injini na nyavu za wavuvi ziwani. Akawaambia anaitwa Feliksi. Kijana mmoja, Kurwa, alimpenda mno, akampeleka kwao, na mama yake Kurwa, Bi Rozalia, akawa anampakulia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa miezi minne kama mtoto wake wa kumzaa. Siku ya kukamatwa kwao Kurwa alijirusha majini. Akapigwa risasi mle mle, na mwili haukuonekana. Nikodemu aliacha kazi mwaka ule ule. Hakulia. Baba yake alipofariki hakulia, na binti yake Happiness alipolazwa wiki tatu alikaa kando ya kitanda kama mtu anayesubiri basi.

Kwa hiyo hata sasa hakuogopa. Aliizima kompyuta, akaenda kula.

Siku ya pili, saa sita mchana, alikuwa ameketi uani na mkewe wakimenya muhogo. Stephania akaacha kumenya.

"Baba Happiness," akanong'ona. "Nani yuko chumbani kwako?"

"Hakuna mtu."

"Sikiliza."

Akasikiliza. Chumbani alikuwa yeye mwenyewe, anazungumza taratibu, na kijana mwingine anacheka, na kutoka chini ya mlango ilikuja harufu ya maji ya ziwa yaliyochanganyika na petroli, ikasambaa uani mpaka Stephania akafunika pua kwa khanga.

"Sauti ni yako," alisema Stephania. "Na wewe uko hapa."

Jioni ile ile Stephania alimwita Maalimu Songoro, mtoa majini kutoka Kasingirima. Maalimu alikuwa mtu mkavu, hakutaka kahawa wala maneno mengi. Aliichomoa kompyuta ukutani, akachoma ubani, akasoma, kisha akauliza, "Wewe ni nani, na umemfuata nani?"

Spika zisizo na umeme zikapumua. Kisha sauti ya Nikodemu ikajibu polepole, ikasema kwamba yenyewe haina jina, kwamba ilikuwa chini kwenye maji kijana aliposhuka akiwa bado na uhai kidogo, kwamba kijana alikuwa akiita Feliksi, Feliksi, na yenyewe ikapanda kumtafuta huyo Feliksi kila kijiji na kila bandari bila kumpata, maana hakuwepo mtu wa jina hilo, mpaka wiki hii iliposikia mtu amejifungia chumbani anasimulia mambo yale yale kwa mdomo wa kauboi.

Stephania alimtazama mumewe.

"Sasa umejua," Maalimu alimwambia Nikodemu kwa sauti ya chini walipotoka nje. "Jini hili mimi naweza kulituliza, siwezi kulitoa. Nenda kwa mama wa huyo kijana. Mwambie jina lako na ulichofanya. Usipokwenda wewe, litakwenda lenyewe."

"Nitakwenda kesho," alisema Nikodemu.

Kesho yake akamalizia picha. Keshokutwa kulikuwa na mvua. Chumba kilinyamaza, harufu ikaisha, na siku tisa zikapita hivyo.

Siku ya tisa Gasper alikuja mlangoni anatabasamu. "Umeniweza, bwana. Ile ya kauboi watu wametoka wanafuta macho. Yule askari pale mwishoni, anavyolia kwa ajili ya jambazi wake! Sikujua unaweza kulia namna ile."

Nikodemu hakuwa amerekodi kilio. Kwenye picha ile askari hakulia, alipanda farasi akaondoka.

Alfajiri akakodi bodaboda hadi Ilagala, akafika karibu na adhuhuri.

Bi Rozalia alikuwa barazani, anaanika dagaa kwenye mkeka. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda. Nikodemu akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. "Umesahau kitu?"

"Nimekuja kukueleza jambo, mama. Mimi ni Nikodemu. Nilikuwa polisi."

"Nikodemu alikuja jana alasiri," alisema bibi bila kupandisha sauti. "Ana sura kama hiyo yako. Alinieleza yote, alilia tangu jua likiwa juu mpaka nikawasha taa, mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamsamehe. Ameondoka na boti ya asubuhi, anarudi kwa mkewe."

Nikodemu akatoa simu, akampigia Stephania. Iliita mara moja tu.

"Nani wewe?" alinong'ona Stephania. "Umeiokota wapi simu hii? Mume wangu amesema ameiangusha botini."

"Stephania, ni mimi."

Upande wa pili wa simu mwanaume alikuwa akilia, kilio cha mtu aliyechoka kubeba, na Stephania akaondoa mdomo kwenye simu akasema kwa upole ambao Nikodemu hakuwa ameusikia kwa miaka mingi, "Lia tu, Baba Happiness, lia, niko hapa." Kisha akarudi kwenye simu. "Nakuomba usipige tena." Akakata.

Nikodemu alibaki amepiga goti, simu mkononi. Alingoja moyo uende mbio, hata kidogo. Ulikuwa ukipiga kama kawaida.

Bi Rozalia alikuwa anamchungulia machoni.

"Mimi nimezaa mapacha," alisema. "Watu wawili wanaofanana hawanichanganyi. Yule alikuwa na machozi. Wewe ndiye uliyekuwa ukila kwangu huku macho yako hayapo pale." Akasogeza mkeka, akamwachia nafasi kivulini. "Jua kali, Feliksi. Ingia ukae. Ugali uko jikoni."

Akainuka, akanawa mikono, akakaa.