Herufi Kubwa za Kaka

Mwanamke asiyefahamika na yeyote kituoni aliingia bila kubisha, aproni ya kazi ingali kiunoni.

"Afande, mume wangu kabanwa na mashine kiwandani. Wanasema ni ajali. Yule alikuwa fundi! Asingeingiza mkono bila kufungua mlango wa kinga."

Inspekta aliukuta mwili bado upo chini ya mashine ya kukandamiza mabati. Mlango wa kinga ulikuwa wazi. Ukifunguliwa, mashine ilipaswa kuzimika papo hapo.

"Nitamjua aliyehusika, mama," alimwahidi mjane. "Na jina lake utalisikia kwangu kwanza, hata awe nani."

Programu ya mashine ile iliandikwa na kampuni ya kaka yake Inspekta, kaka wa tumbo moja aliyemlea tangu wazazi wafariki. Kaka alimpokea kwa kumkumbatia.

"Ni binti mmoja niliyemwajiri kuandika programu," akanong'ona. "Kipande cha usalama kimezimwa kwenye kompyuta yake. Ameniumiza, mdogo wangu."

Binti alikuwa analia. "Si mimi, afande! Bosi ndiye aliyenifundisha kila kitu. Nitamwangushaje?"

Inspekta akainamia kioo cha kompyuta. Kipande cha usalama kilikuwa kimezungushiwa sharti: kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, inapoijenga programu, ikiruke. Maneno ya sharti hilo yalikuwa kwa herufi kubwa. Kwingine kote, masharti yaliandikwa kwa herufi ndogo.

"Kuna tofauti?" akamuuliza binti.

"Kwa kompaila, hakuna. Lugha hii inakubali kubwa na ndogo. Sisi hapa tunaandika ndogo tu, mazoea."

Inspekta akayasoma tena maneno yale makubwa. Akilini aliiona sebule yao ya zamani, kompyuta chakavu, na kaka akimpiga kikofi cha utani kisogoni: "Sharti ni geti, bwege wee! Liandike kubwa, ulione kabla hujaligonga."

Akaingia ofisini kwa kaka na karatasi tupu. "Niandikie sharti la kuruka kipande cha programu. Lolote."

"Leo ndiyo umekumbuka masomo?" Kaka alicheka, akaandika harakaharaka. Kisha akayatazama maandishi yake: herufi kubwa tupu. Kicheko kikakatika.

"Kitambuzi cha mlango kilikuwa kibovu," akasema. "Mashine ilikuwa inasimama ovyo, na wateja wanakuja kuiona. Nikakizima kwa maonyesho tu. Nikasahau kukirudisha."

"Na kutumia kompyuta ya binti, ulisahau pia?"

Kaka akainamisha kichwa. "Nilitaka pa kujifichia, endapo lingetokea lolote. Acha liitwe ajali. Nimekulea mimi!"

"Ndiyo, kaka. Na ndiyo maana nimeujua mkono wako."

Pingu zikalia.

Mjane alikuwa bado amekaa kwenye benchi la kituo. Inspekta alichuchumaa mbele yake, akamtajia jina lote la kaka, hadi la baba.

Mwanamke akakitazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani pa Inspekta, akalisoma jina la baba. Lilikuwa lile lile.

"Pole, mwanangu," akasema.

Hapo ndipo Inspekta alipolia.