Tiara Isiyotaka Kuachia

Mkunga alikisukuma kifyatuo mara ya tatu, na mara ya tatu hakikusogea. Juu yake tiara kubwa iliyofungwa kiunoni mwake ilikuwa inazunguka hewani ovyo, na kila ilipomaliza mzunguko ilimnyanyua majini, ikambwaga mbele na kumburuta kifudifudi. Maji ya chumvi yalimjaa puani na kooni. Fimbo ya kuongozea alikuwa ameshaiachia, kama alivyofundishwa, lakini kamba moja ilikuwa imejisokota kwenye ncha ya fimbo hiyo, na tiara haikuwa inamsikiliza mtu tena. Kila alipofanikiwa kugeuza shingo, ufuo ulikuwa umezidi kuwa mdogo.

Mchana ule ule mdogo wake, mwenye shule ya kufundisha watu kuteleza majini kwa tiara, alikuwa amemtandikia vifaa vyote mchangani na kumweleza kwa ulimi wa mchuuzi. Tiara hii, dada, ukingoni ina mrija mnene tunaoujaza hewa kwa pampu, kwa hiyo ikianguka haizami. Kamba ni nne: mbili za kati zinabeba nguvu, mbili za pembeni zinageuza. Fimbo ukiivuta kwako, tiara inachukua nguvu. Ukiisukuma mbali, inatulia. Mkanda huu mpana wa kiunoni una ndoano, ili uzito ubebwe na mwili, si mikono. Ubao wa miguuni utakuja mwishoni, ukishajua kuitawala tiara. Na hiki chekundu hapa mbele ni kifyatuo. Mambo yakiharibika, kisukume, tiara inaisha nguvu hapo hapo.

Asichosema ni kwamba kile kifyatuo alikuwa amekizungushia utepe wa gundi. Wanafunzi wapya walikuwa wanakigusa kwa bahati mbaya, tiara inaanguka, muda wa somo unaishia kwenye kufumua kamba. Basi mwalimu mzima, mwenye filimbi shingoni, akaona dawa ni kukifunga.

Wala hakusema kuhusu upepo. Ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, upepo ambao ukianza shule yenye akili hufunga milango na watu wakaenda kulala. Lakini upepo huo huyalaza maji yakawa bapa, yakapendeza kwenye picha, na mpiga picha wa bango la shule alikuwa ameshafika na kamera yake. Boti ya uokoaji ilikuwa juu ya magogo, injini iko kwa fundi. Mkunga alikubali kuwa mwanafunzi wa bangoni kwa sababu aliombwa na mdogo wake, na hajawahi kumkatalia mdogo wake kitu.

Sasa mdogo wake alikuwa anakuja mbio juu ya ubao, na tiara yake mwenyewe.

"Kifyatuo, dada. Sukuma."

"Nimesukuma. Hakiendi."

Uso wa mdogo wake ulishuka. Aliifyatua tiara yake, nayo ikachukuliwa na upepo moja kwa moja. Akaogelea, akaidaka kamba moja ya pembeni ya tiara ya dada yake na, kwa kiwewe, akaizungusha kiganjani mara mbili. Ndilo jambo alilokuwa amemkataza kuliko yote. Tiara ilijikunja na kuporomoka majini, lakini kabla ya kuanguka ilivuta mara ya mwisho, na kamba ikaingia kwenye nyama.

Mkunga aliung'ata ule utepe na kuubandua. Kifyatuo kikaachia kwa urahisi, kama mlango ambao haukuwa na kufuli. Hapo ndipo alipoelewa kwamba utepe uliobaki mkononi mwake uliwekwa na mdogo wake, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa yanavuma.

Lakini damu kwanza. Kiganja kilikuwa kimefunguka, na vidole viwili havikukunjika.

"Inua mkono juu ya kichwa. Juu zaidi. Pumua taratibu, usinizimikie hapa."

Alichana mkono wa fulana yake, akaukandamiza kwenye jeraha, kisha akaufunga na ule ule utepe, akiuzungusha kwa nguvu hadi mdogo wake akaguna. Alimsikia na hakulegeza.

Waliilaza tiara kwa mgongo, wakaegemeza vifua kwenye mrija wake. Ufuo ulikuwa mstari tu. Kuogelea kurudi dhidi ya upepo ule kulikuwa kujichosha bure.

"Kuna boya kubwa la njia ya meli, kule kushoto," mdogo wake alisema huku meno yakigongana. "Ukishika ncha moja ya tiara ukaisimamisha, upepo unaisukuma. Tutakwenda mshazari."

"Tukilikosa?"

"Mbele yake hakuna kitu."

Mkunga alishika ncha, akaisimamisha. Kitambaa kilijaa upepo, nao wakaanza kwenda. Mabega yalimwaka moto. Midomo ilimpasuka kwa chumvi, na kiu ikawa kubwa kiasi kwamba mawimbi yenyewe yalianza kumtamanisha. Jua lilikuwa linashuka upande wa nchi kavu, likimchoma machoni kila alipogeuka kuangalia walikotoka. Hasira ndiyo iliyokuwa inamshikilia ile ncha. Mikono ilikuwa imekwisha zamani.

"Dada," mdogo wake alisema. "Tukiokolewa, tuseme upepo uligeuka ghafla. Wakijua, shule inafungwa."

Mkunga aliikaza ile ncha. Alikumbuka dirisha la jirani lililovunjwa, pikipiki ya baba iliyoingizwa mtaroni, mtihani ulioibwa. Mara zote baba alipouliza, huyu alimtazama dada yake, na dada akafungua mdomo akadanganya badala yake. Leo ana ndevu, na bado anaomba kitu kile kile.

"Tiara ngapi umezifunga?"

Mdogo wake aliuficha uso kwenye mrija.

"Nakuuliza, ngapi?"

"Zote."

"Na kesho kuna wanafunzi?"

"Wapo. Mapacha wa mwenye duka la dawa."

Mkunga alitamani kumpiga kibao, ila angeachia ncha. "Nazalisha watu usiku na mchana," alisema. "Najua kinachomtoka mama mpaka mtoto apumue. Halafu wewe unawafungia mlango kwa sababu ya dakika za somo. Ningekufa, ungemwambia mama upepo uligeuka?"

Mdogo wake alilia. Alimwacha alie.

Boya lilitokea likiwa refu kuliko walivyodhani, na kwa dakika chache ilionekana watalipita. Mkunga aliachia tiara, akamshika mdogo wake ukosi wa jaketi la kuelea, akapiga miguu kwa nguvu zote zilizobaki. Chuma kilikuwa kimejaa makombe makali, yakamchana mapaja. Alipitisha mkanda wa kiunoni kwenye ngazi ya boya, akajifunga, akamfunga na yeye. Tiara iliondoka peke yake.

Mwanga ulikuwa unafifia pale boti inayopeleka melini marubani wa kuongoza meli kuingia bandarini ilipopunguza mwendo. Nahodha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliwavuta juu, akawapa maji na blanketi, kisha akachukua redio.

"Ufukweni wanauliza imekuwaje. Niwaambie nini?"

Mdogo mtu alimgeukia dada yake.

Mkunga aliinua chupa ya maji, akanywa. Akanywa tena. Nahodha alisubiri, redio mkononi. Macho ya mdogo wake yalikuwa bado yamemganda, ya mtoto kabisa, na moyo ulimuuma vibaya, kwa sababu maneno ya kumkinga yalikuwa tayari mdomoni. Aliyameza pamoja na maji.

"Upepo..." mdogo wake alianza, akakwama. Alifunga macho. "Nilifunga vifyatuo vya tiara. Vyote. Mwambie mpiga picha aliye pale ufukweni avunje kufuli ya banda, abandue utepe wote, mtu yeyote asizitumie."

Nahodha alimtazama kwa chuki ya wazi, akageukia redio, akayarudia maneno yale moja moja.

Dada yake hakumpongeza. Hasira ilikuwa bado nzima kifuani, na ingekaa humo muda mrefu. Lakini mkono wenye jeraha ulikuwa unaanza kulegea na kushuka, basi akaudaka, akauinua, akaushikilia hivyo hivyo mpaka bandarini.