Gauni Lililomtoshea Ndunge

Stima ilipotea Kawangware asubuhi, mvua ikinyesha, na mafundi wa Madam Waithira wakaondoa miguu kwenye pedali huku wakisonya. Cherehani moja tu, ile nyeusi ya kona ya nyuma, iliendelea kushona. Hakuna mtu aliyekuwa ameikalia.

Mercyline, mmoja wa mafundi hao, alitazama swichi ya cherehani hiyo ukutani. Imezimwa. Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Tangu Madam aitoe cherehani hiyo Mombasa, ilikaa imefunikwa shuka na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila Mercyline akifungua duka alikaribishwa na harufu ya marashi na maziwa yaliyochacha. Lakini oda za yunifomu zilikuwa zimefurika mpaka mlangoni, mkono ulikuwa unaenda kinywani, na nani huyo angeanza kuuliza maswali? Hata yeye hakuuliza.

Cherehani ikanyamaza. Wagaki, aliyekaa karibu nayo, akafunua shuka na kuinua gauni jeupe, refu, lisilo na kola wala kifungo. Aliliachilia kana kwamba limemchoma.

Walilijua. Muiruri, aliyekuwa mkataji wao wa vitambaa, aliwahi kukuta vazi kama hilo hapo hapo. Yeye na mzaha ni chanda na pete, basi akalivaa akazunguka nalo akiwachekesha, na likamkaa utadhani amepimwa. Kesho yake majirani walimvunjia mlango wakamkuta kitandani amekauka, mdomo umejaa nyuzi nyeupe. Watu walichanga, wakazika, wakasema ni moyo.

"Angalieni bega," Wagaki alinong'ona.

Bega la kushoto la gauni lilikuwa limeshonwa chini kuliko la kulia. Na ndani ya chumba kile ni mtu mmoja tu mwenye bega la hivyo: Ndunge, fundi wa kutoboa matundu ya vifungo, aliyebeba mitungi ya maji kule Kitui tangu utotoni mpaka upande mmoja ukashuka.

Jamani, watu wana akili za ajabu wakiogopa! Mtu akishonewa sanda si ndiye wa kuhurumiwa? Lakini hapo hapo mmoja akataja kamuti, uchawi wa Ukambani, mwingine akakumbuka kwamba Ndunge hurudi kutoka kwao na kiondo kilichofungwa vizuri, na kabla mvua haijapungua ilikuwa imeshaamuliwa kwamba Wakamba na uchawi wao wanajulikana Nairobi nzima, na aliyemmaliza Muiruri ni huyu. Kiondoni mlikuwa na muthokoi tu, mahindi yaliyokobolewa. Mercyline aliwahi kuula.

Madam Waithira alitokea kabla hajaitwa. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Mercyline baridi. Alifunga mlango, akasema kwa upole kwamba ameshauriwa na watu wanaojua mambo haya: mwenye gauni alivae mbele ya wote, na wote waseme kwa mdomo mmoja kwamba ni lake, ndipo hicho kitu kitaondoka naye na duka libaki salama.

"Madam, mimi sijui kitu," Ndunge alisema. "Naomba niende tu nyumbani."

Hakuna aliyemtazama. Mmoja baada ya mwingine walisema ni lake. Wagaki alisema akilia. Kila aliposema mtu, gurudumu la ile cherehani lilizunguka kidogo, kra, likasimama likingoja.

Akabaki Mercyline. Mfukoni alikuwa na ufunguo wa duka jipya la Madam kule Sarang'ombe, Kibera, atakalosimamia yeye, hatua chache kutoka chumba chake cha Kisumu Ndogo. Miaka yote ya kuinama alikuwa ameingojea siku hiyo, na mama yake ameshatangaza kanisani. Neno moja tu lilihitajika.

Lakini alikuwa ameona. Aliona Madam akimpima Muiruri, eti ni shati la Krismasi, na juzi akamwona akimpima Ndunge, taratibu, futi ikipita bega hadi bega, huku midomo yake ikimtajia vipimo mtu ambaye hakuwepo. Na sasa gizani mle, harufu ya marashi ikipanda mpaka kooni, nyuzi nyeupe zikianza kujivuta sakafuni zenyewe kuelekea miguu ya Ndunge, na Ndunge akiwa tayari ameliokota gauni na kuinua mikono avae kwa sababu amechoka kukataa mbele ya watu waliokula naye, Mercyline akajua kwamba akinyamaza atakuwa amemvika gauni hilo kwa mkono wake mwenyewe.

"Si lake," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Madam, ulimpima wewe. Na Muiruri ulimpima wewe."

"Mercy, fikiria duka."

"Nimefikiria." Aliweka ufunguo mezani, akamnyang'anya Ndunge lile gauni na kumnyooshea Madam. "Kama ni nguo tu, vaa wewe."

Madam alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Wote waliona. Nyuzi zikasimama pale zilipofika, na bega la gauni likaanza kufumuka, mshono kwa mshono, bila mkono wowote, mpaka Mercyline akabaki ameshika vipande.

"Toka," Madam alisema. "Na usikanyage hapa tena. Hutapata kazi kwa fundi yeyote Kawangware hii."

Mercyline alimshika Ndunge mkono wakatoka. Wagaki aliwafuata, kisha mwingine, bila kuinua macho.

Mvua ilikuwa imekatika. Mercyline na Ndunge walishika njia ya Kibera kwa miguu, Ndunge akishukuru, akisema watatafuta cherehani moja ya kukodi wafanye kazi pamoja, hata kando ya barabara. Mercyline alicheka kidogo. Kazi ilikuwa imekwenda, mama angelia, lakini huyu hapa anatembea, anapumua, anaongea sana kama kawaida yake, na Mercyline alifurahi kwa moyo wote.

Ndipo harufu ya marashi ikapita, hapo hapo barabarani, katikati ya watu.

Alisimama. Kitu chembamba na baridi kilikuwa kimemgusa begani, kikanyooshwa taratibu hadi bega la pili, kikashuka mgongoni. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mbona umesimama?" Ndunge aliuliza.

"Nishike," Mercyline alinong'ona. "Usiniache."

Ndunge alimshika kwa mikono yote miwili. Futi isiyoonekana ilizunguka kifua cha Mercyline, ikakazwa, ikalegezwa, kisha ikashuka polepole kwenye mkono ule ule ulioshikwa, ikafika kifundoni, na ikatulia kidogo, kama fundi anaposoma kipimo.