Fuko Waliotupwa Kijitoni

Kila siku saa sita mchana wakati wa likizo, Nyamoita alimpelekea baba yake chakula kwenye uwanja wa gofu uliokuwa mlimani, juu ya kijiji chao karibu na Kiogoro. Mwaka huo wa 1972, wachezaji wa kulipwa walikuwa wanakuja kushindana, na baba yake, Ondieki, hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Nyasi zilikatwa fupi kama zulia, mchanga ukasawazishwa kwa reki, mashimo ya kutumbukizia mpira yakachimbwa upya. Adui mkubwa alikuwa fuko, mnyama anayefukua ardhi na kuacha vilima vya udongo kila mahali. Msimamizi, Mzee Obura, aliamuru fuko wote watiliwe sumu.

Siku moja Nyamoita alisikia uvundo kabla hajamwona baba. Alimkuta ukingoni mwa kijito, ameinamisha toroli. Fuko waliovimba, manyoya yamenyonyoka, funza wamewajaa machoni, walikuwa wakidondoka majini.

"Baba! Hayo si ndiyo maji tunayokunywa?"

"Obura alisema niwazike, lakini wageni wanafika kesho kutwa na nyasi za upande ule bado. Maji yatawabeba. Weka chakula, uende."

Nyamoita aliweka kapu chini bila kumtazama. Alitamani kutema mate. Huyu ndiye baba aliyewakemea wasiponawa mikono kabla ya kula!

Aliteremka mbio hadi mahali pa kuteka maji, chini kijijini. Mama yake, Bochaberi, alikuwa amekwisha kujaza debe, naye mdogo wake Ratemo ameinua kikombe. Nyamoita alikipiga kikombe kikaanguka, kisha akalipindua debe.

"Una wazimu?" mama alifoka.

Nyamoita alinyoosha kidole. Fuko mmoja alikuwa amenasa kwenye mizizi, tumbo juu.

Mama aliufunga mzoga ule kwa jani la mgomba, akapanda nao mpaka uwanjani, akauweka kando ya chakula cha mumewe.

"Kitoweo chako hicho," alisema. "Sisi wa chini umeshatuletea chetu."

Obura alisogea, akachungulia, akaziba pua. "Ondieki, acha nyasi. Anza na kijito."

Ondieki aliingia majini hadi magotini. Aliopoa mizoga kwa reki huku akitapika, akaizika kwenye shimo refu mbali na maji. Bwana afya wa serikali alikuja, akapiga marufuku kuteka maji pale. Wachezaji walikuja, wakausifu uwanja, wakaondoka, lakini Ondieki aliendelea kuleta kijijini madebe ya maji kutoka chemchemi ya ng'ambo ya mlima kila alfajiri, majirani wakimkodolea macho.

Bwana afya alipoyaruhusu tena maji ya kijito, Ondieki alimwita bintiye.

"Ulinichukia siku ile?"

"Nilichukizwa, Baba."

"Ilikuwa haki yako. Nilitaka kuwapendeza wageni, nikawanywesha uozo watu wangu. Kazi inayomwachia mwenzako uchafu ni kazi mbaya, hata ikisifiwa vipi. Ukiona jambo kama lile tena usinyamaze, hata kama anayelifanya ni mimi."