Kuni za Lundo la Uchovu

Tabora nzima, kuanzia stesheni mpaka Kwihara, hakukuwa na mtu aliyejua kutembeza wageni kama Silasi. Huo ni ushahidi wa Silasi mwenyewe, na alikuwa tayari kuuapia. Miaka mingi alikuwa akitangulia na baiskeli yake, wageni wakimfuata na baiskeli za kukodi. Anawaonyesha boma la Mjerumani. Anawaonyesha tembe la Kwihara, ile nyumba ya udongo walimopumzika wasafiri wa zamani. Kisha anawaingiza kwenye msitu wa miombo waonje asali ikiwa bado na masega. Uongo aliowalisha njiani ungejaza gunia la tumbaku, na mwingine ukabaki wa kushonea mdomo wa gunia.

Kisha akaja Shigela.

Kijana wa Lusu, kule Nzega. Mwembamba kama fimbo ya kuchungia ng'ombe, mpole, hana makelele. Alikuja na baiskeli chakavu na salamu nyingi. Silasi alimcheka mbele za watu. "Huyu hamalizi masika," alisema.

Masika yakaisha. Shigela akabaki. Wageni wakahama.

Na kilichowahamisha ni kitu cha kuudhi kweli: lundo la vijiti. Nyuma ya Kwihara, pale njia ya zamani ya misafara inapoingia msituni, kulikuwa na lundo kubwa la matawi makavu. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walikuwa na desturi yao pale. Mtu anavunja kijiti, anajipapasa nacho miguu na mabega, anakitupa lunduni na kusema, "Uchovu wangu, baki hapa." Anaondoka mwepesi. Waliowafuata wakafanya vivyo hivyo, mpaka wachungaji wa leo. Silasi alilijua lundo lile tangu hajaota meno ya ukubwani. Lakini akiwa na wageni alilipita akipiga kengele ya baiskeli, maana hakuwa amepata uongo mzuri wa kulisemea.

Shigela hakulisemea uongo. Aliwavunjia wageni vijiti, akawaeleza, akanyamaza. Mama mmoja wa Kizungu akalia pale mpaka miwani ikaingia ukungu. Akarudi kwao, akasimulia. Wakaja wenzake, na wote wanamtaka "yule kijana wa vijiti".

Wivu ulimwingia Silasi kama mchwa kwenye boriti. Nje mti mzima, ndani unga.

Ubaya zaidi ni Leonia, mkewe. Leonia ndiye aliyewaandalia wageni chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Sasa michembe yake ilikuwa inaliwa na wageni wa Shigela.

"Baba Hilari, mwenzio leo kaleta kundi zima," Leonia alimwambia jioni moja, anaosha vikombe.

"Mwenzangu nani?"

"Shigela. Hapigi kelele yule. Anasema maneno mawili, watu wanalia."

"Hata kitunguu kinaliza watu."

"Kitunguu nakinunua, baba Hilari. Shigela ananiletea wateja." Akainuka, akajifuta mikono. "Halafu wamesahau chupa yangu ya chai kule lunduni. Nenda kaichukue kabla giza halijaingia."

"Mimi? Nikafuate chupa ya wageni wake?"

"Chupa ni yangu. Au nimtume mwenzio?"

Silasi akachukua baiskeli.

Jua lilikuwa limeshaiva, linataka kuanguka. Alikanyaga pedali kwa hasira, akalipita tembe, akaingia ile njia ya mchanga. Chupa aliiona mara moja, imesimama kwenye kisiki, nyekundu, na kikombe chake kimefunikwa vizuri. Angeichukua na kuondoka, hadithi hii isingekuwapo.

Akalitazama lundo.

Lilikuwa limekua. Juu yake kulikuwa na vijiti vibichi, majani hayajanyauka. Kila kijiti kibichi kilikuwa mgeni wake. Mgeni ambaye angekula uongo wake, angecheka, angempiga picha ameegemea baiskeli. Wote walikuwa pale, wamelala juu ya lundo la Shigela.

"Kesho uwaonyeshe vumbi," Silasi alisema.

Akalipiga teke.

Akalipiga tena. Matawi yakaruka huku na huku. Vumbi likainuka, na ndani ya vumbi kulikuwa na harufu... Jasho. Si jasho lake. Jasho la watu waliotembea siku nyingi bila kuoga, limechanganyika na ngozi mbichi na moshi wa tumbaku kali.

Silasi akapiga chafya, akaendelea. Alipomaliza, palibaki duara la udongo mweusi. Hapo ndipo akili yake ya kujisifu ilipomshauri vibaya. Matawi yalikuwa makavu, safi, yanalia yakigongana. Mbona hizi ni kuni! Akakusanya mzigo mzuri, akaufunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Leonia atapikia chai ya wageni wa Shigela kwa lundo la Shigela. Silasi alicheka peke yake mpaka akajishika mbavu.

Akatundika chupa kwenye usukani. Akapanda.

Baiskeli haikwenda.

Akatazama gurudumu la nyuma. Lilikuwa limebonyea mpaka kwenye rimu, kana kwamba amepakia ng'ombe. Akauinua mzigo kwa mkono mmoja. Mwepesi kama kapu tupu. Akauachia. Gurudumu likalia, likabonyea tena.

Akaamua kusukuma.

Chwe... chwe... chwe...

Akasimama. Sauti ikasimama.

Akasukuma. Chwe... chwe... Njuga. Vile vikengele vya chuma ambavyo wazee walisema wapagazi walivifunga miguuni ili msafara usikike kwa mbali.

Hazikuwa mbali.

"Mwangaluka," sauti ikasema kwa upole, karibu na sikio lake.

Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Lakini Mnyamwezi amefundishwa kwa kofi la mama yake kwamba salamu haiachwi chini. Mdomo ukajibu kabla kichwa hakijaukataza.

"Mwangaluka."

Pumzi zikasikika. Nyingi. Kama watu walioambiwa waanze safari.

Silasi hakugeuka. Alisukuma ile baiskeli kwa nguvu zake zote, shati limemganda mgongoni, mpaka akaziona nyumba za kwanza. Bibi Ng'washi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na haoni hata sahani yake, alikuwa amekaa kibarazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Mikono ikaacha kupukuchua. "Mbona unawachosha hivyo?"

"Nawachosha akina nani, bibi? Niko peke yangu."

Bibi akainua uso, akawa kama anayesikiliza watu wanaopita. Walichukua muda mrefu kupita. Kisha akanong'ona, "Warudishe walikokuwa wamekaa. Usiwaingize ndani."

Mtu mwenye akili angerudi. Lakini kurudi maana yake ni kulijenga upya lundo la Shigela, kijiti kwa kijiti, kwa mikono ya Silasi mwenyewe. Alipofikiria hivyo, hofu ikasogea pembeni, wivu ukapita mbele.

Akaingia nyumbani. Akafungua mzigo, akausukumiza wote kwenye mafiga chini ya sufuria, ushahidi uishe.

"Leo umeniletea na kuni?" Leonia akashangaa. "Malaika gani kakutembelea?"

Moto ukashika mara moja. Mrefu, mweupe, usio na mlio. Halafu, katikati ya moto, likatoka neno moja refu...

"Aaaah..."

Kama watu wengi wanaotua mizigo kwa pamoja.

Leonia akaacha mwiko ukaanguka. Silasi akaanguka yeye. Kitu kilikuwa kimemtua begani, bega la kulia, kikamkandamiza mpaka goti likagusa majivu. Alipapasa. Hakukuwa na kitu.

Palikuwa na uzito tu.

Tangu siku ile Silasi alitembea upande. Zahanati walimpa dawa za maumivu na kumwambia apumzike. Alipumzika, uzito haukupumzika. Akivua shati, Leonia aliona sugu begani, pana na ngumu kama kwato, sugu ya mtu aliyebeba maisha yake yote. Na kila alfajiri, kabla jogoo hajajua kazi yake, mtu alisema mlangoni, "Mwangaluka." Miguu ya Silasi ikashuka kitandani yenyewe, ikatoka uani, ikasimama. Haikujua iende wapi.

Siku ya soko Shigela akaja, na kundi la wageni nyuma yake. Alikuwa amelikuta lundo limetawanywa. Alikuwa ameziona na alama za tairi. Wageni wakaketi kwenye mkeka wa Leonia, yeye akamsogelea Silasi pale ukutani.

"Shikamoo, kaka Silasi."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Hapana, kaka." Akashusha sauti. "Babu yangu alikuwa anasema mzigo wa njia ile hautupwi chini. Unapokelewa. Mwenye nao anamwambia mwenzake neno moja tu: nipokee. Niambie, kaka. Nitaupokea, niupeleke lunduni. Nitawagawia na wageni, kila mtu kijiti chake. Jioni utakuwa mzima."

Neno moja. Silasi alilihisi limeshafika kwenye ulimi. Bega lilikuwa linawaka. Alifungua mdomo.

Wakati huohuo Leonia alikuwa anamimina chai. Kikombe cha kwanza, kile cha maua ambacho siku zote kilikuwa cha Silasi, alimwekea Shigela. Akaongeza na asali. Wageni wote wamemkazia macho kijana wao, wanangoja arudi. Silasi akaona jinsi itakavyosimuliwa sokoni na stesheni: Shigela kampokea Silasi mzigo. Shigela kamponya Silasi. Shigela...

"Mzigo gani?" akasema kwa sauti, wageni wasikie. "Mimi bega nimelilalia vibaya. Kanywe chai yako."

Leonia alisikia. Aliweka birika chini taratibu. "Baba Hilari, mwambie," alisema. "Neno moja tu, baba Hilari. Nakuomba."

Silasi akageukia ukuta.

Shigela hakunywa chai. Alisimama, akawaita wageni wake, wakaondoka kuelekea Kwihara. Ndipo Silasi akajua miguu yake ilikuwa inangoja nini kila alfajiri. Msafara una kiongozi mmoja, na mbeba mzigo humfuata kiongozi. Alijishika kwenye nguzo ya mlango. Miguu ikamng'oa. Leonia akamshika shati, likachanika. Akawafuata, ameinama upande, mpaka lunduni, akarudi nao.

Kesho yake hivyohivyo.

Hata leo ukienda utamwona. Mjini wanasema Silasi kaajiriwa na Shigela, na yeye anatema mate. "Mimi? Namsimamia tu, asije akawapoteza wageni wa watu!" Leonia haulizi tena. Anamwekea michembe mfukoni asubuhi, na kikombe cha maua amekifungia kabatini, hakinywewi na mtu.

Juzi hapa palikuja wageni wa Dar. Lundo lilikuwa limeanza kuinuka upya, kama kichuguu kichanga. Dada mmoja anayeitwa Asmahani alijipapasa miguu na kijiti chake, akakitupa, kisha akatazama nyuma njiani.

"Kaka Shigela, yule anayetufuata ni nani? Mbona anaonekana kachoka hivyo?"

"Kaka yangu," Shigela akajibu. "Namngoja aseme neno."

Silasi alikuwa amesimama mbali kidogo, peke yake, mwisho kabisa wa msafara. Alisikia yote. Akajiambia kimoyomoyo kwamba Shigela atangoja mpaka azeeke.

Asmahani alikuwa bado anatazama. Akakunja kipaji cha uso, akajikinga macho na jua.

"Haya. Na wale wote walio nyuma yake?"

Shigela akavunja kijiti kingine.

Silasi hakugeuka. Aliuhamishia ule mzigo usioonekana bega la kushoto, polepole, jinsi wapagazi walivyohamisha. Na nyuma yake akasikia watu wengi nao wakihamisha.

Chwe...