Bolti Mbili Kwenye Helmeti

Adhuhuri ile Kariakoo ilikuwa imefurika, jua limesimama juu ya mabati kama lina ugomvi na watu. Anuari aliingia dukani Mtaa wa Aggrey na fulana ya njano iliyomganda mgongoni, helmeti ya baiskeli kwapani. Hajira, muuzaji, aliinua uso kwenye kabati la vioo, mtandio wa zambarau ukamteleza begani.

"Mambo, mrembo. Nataka kamera ya kuvaa kichwani. Nashuka vilima vya Pugu kwa baiskeli."

"Poa. Unashuka au unaanguka?"

"Inategemea nani ananitazama."

Hajira akamtolea tatu. "Hii nzito, itakuchosha shingo. Hii nyepesi, ila picha inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Hii ya tatu wanavaa wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya. Imetulia, na haiingii maji."

"Nipe ya theluji. Na namba yako, ikinisumbua."

Iliyomsumbua ni gundi ya kuibandika kwenye helmeti. Ilitengenezwa kwa nchi za baridi. Kwa joto la Dar, kamera ilidondoka siku ya pili. Hajira hakutaka kumpoteza mteja yule. Akaipeleka helmeti kwa fundi Pantaleo pale barazani, mwenyewe akamwelekeza: toboa hapa na hapa, kaza bolti mbili.

"Sasa hata uigonge na nyundo haitoki," Pantaleo akajisifu.

Zikaja wiki tatu za simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula, lakini nafasi yako nimeibakiza."

Kila Jumatatu Anuari alileta video dukani, na kila Jumatatu miti ilipita karibu zaidi na uso wake. Hajira akaacha kucheka. Akawa anashtuka usingizini, amejikinga uso kwa mkono.

"Mashindano ya Jumapili usiende," akamwambia kwenye simu.

"Kamera umeniuzia wewe. Ulitaka nikapige picha kuku wa mama?"

"Naogopa, Anuari."

"Unanitakia mkosi." Akakata. Siku nne kimya.

Jumamosi akaingia mama mmoja wa Upanga, Bi Nasreen, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Nataka kamera ya mwanangu. Yuko Kanada, anateleza kwenye theluji."

"Akituma helmeti tunamkazia na bolti kabisa. Haitoki."

Bi Nasreen akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kuipokea kamera. "Nani kakufundisha hayo? Inatakiwa itoke. Akianguka ikanasa kwenye tawi, kama haing'oki, inaondoka na shingo."

Hajira akaichukua simu palepale. Akampigia Anuari, ikaita mpaka ikachoka. Akatuma ujumbe, haukusomwa. Jioni akapiga tena, imezimwa.

Jumapili asubuhi bodaboda ikamshusha Pugu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Juu ya kilima washindani walikuwa wamepanga foleni. Mwamuzi akapuliza filimbi, mmoja akaachia breki, miti ikammeza. Anuari alikuwa anafuata.

"Vua hiyo helmeti."

Hakugeuka. "Umekuja kunizuia mbele ya wenzangu?"

"Nimekuja kukwambia nimekosa. Bolti niliziagiza mimi, sikujua. Ukianguka kamera haitang'oka, itakuvunja shingo. Nitukane ukitaka, lakini vua."

"Kaka, leo breki imekuja na mtandio," mwenzake mmoja akatania. Hakuna aliyecheka sana.

Mwamuzi akaita namba ya Anuari. Akaita tena. Anuari akamtazama Hajira, midomo ya binti imekauka kama ya aliyefunga saumu, kisha akafungua mkanda wa kidevuni. Bila helmeti hakuna kushuka. Mwamuzi akaikata namba yake.

Aliyekuwa nyuma akaenda badala yake. Haikupita dakika, kutoka bondeni ukapanda mlio wa chuma na mti. Halafu kimya. Hajira akamshika Anuari mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzima," sauti ikaja kutoka chini, baada ya muda mrefu. "Bega tu."

Anuari akakaa chini kwenye mavumbi.

"Baba yako anashinda nyumbani leo?" akauliza taratibu.

"Anashinda. Kwa nini?"

"Nataka kumtuma mjomba akaseme naye habari za posa. Leo hii, kabla sijapata ujinga mwingine."

Hajira akachutama kando yake.

"Mwambie aje baada ya alasiri," akasema, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu. "Baba akitoka kuswali huwa hana ubishi."