Kikombe cha Pili Mbugani

Felisian alipookota kikombe cha pili alikikuta kitupu. Dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu akijaze chai na kukiweka nyasini. Alipapasa chini. Nyasi zilikuwa kavu.

"Hicho ulimmiminia nani, shemeji?" Mugeta aliuliza. "Mimi chai sinywagi, unajua."

"Mazoea."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimimina vikombe viwili, cha Dafroza kikizidi sukari. Sasa Dafroza alikuwa na siku arobaini kaburini, na wao wawili, mume na kaka, walikuwa wakitoka Buswahili kwenda Butiama kumrudishia mama yake kitenge alichokuwa amejifunga alipofariki. Katika ukoo ule kitenge hicho hakipandi gari. Mgane hukibeba kwa miguu, alfajiri mpaka jioni, na njiani hageuki nyuma wala hamkaribishi mtu chochote. Akifika, mama wa marehemu humwuliza akiwa mlangoni, "Mmekuja wangapi?" Akijibu idadi ya waliotoka, msiba umekwisha. Akizidisha, aliyezidi ameruhusiwa kuingia.

"Lakini hujakaribisha," Mugeta alisema. "Umesahau tu. Au siyo?"

Felisian alifunga chupa ya chai. Hakuwa na hofu. Tangu mazishi hakuwa na kitu chochote moyoni. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, basi alihesabu hatua.

"Unatembeaga kama unapima shamba la watu," Mugeta alimtania. "Dada alikuwaga anasema hata kitandani unaweka mipaka."

"Alisema kweli."

Mbuga ilikuwa wazi pande zote: nyasi, udongo mweusi uliopasuka, majabali machache kwa mbali. Saa sita upepo ulitulia. Ndipo aliposikia, nyuma ya hatua zake na za Mugeta, hatua za mtu wa tatu.

Moja ikikanyaga, moja ikiburuta.

Mugeta aliacha kutania. Alisogea mpaka mabega yao yakagusana. "Usigeuke," alinong'ona. "Shemeji, nakuomba. Huku mbugani kuna vitu havina jina. Vinachukuaga la mtu."

"Nasikia."

"Usisikie basi!"

Harufu ikaja: iodini ya wodini, na chini yake harufu ya tope lililolala muda mrefu bila jua. Felisian aliendelea kuhesabu, elfu tisa mia mbili na moja, mia mbili na mbili, na kile kilichokuwa nyuma kilitembea anapotembea na kusimama anaposimama, hakikuchoka wala hakikuhema, na wakati jua lilipoanza kuwapiga usoni alihisi kitenge begani kikivutwa kidogo, taratibu, kama Dafroza alivyokuwa akimvuta akitaka apunguze mwendo, na kwa mara ya kwanza katika siku arobaini kitu kilimchoma kifuani, akasikiliza kwa makini zaidi, kama mtu anayerudia kipimo asichokiamini, mpaka akawa na hakika.

Kiharusi kilikuwa kimempiga Dafroza upande wa kushoto. Miezi minane aliburuta mguu wa kushoto. Huu ulioburutwa ulikuwa wa kulia.

"Si yeye," alisema.

"Asante Mungu," Mugeta alisema. "Umejua mwenyewe. Basi ukifika sema wawili. Neno moja tu, shemeji. Wawili, tulale."

Walifika Butiama jua likiwa bado juu ya mabati. Mama Dorotea alikuwa amesimama mlangoni tangu saa tisa. Ndiye aliyemwuguza binti yake, akimshika mkono kwenda na kurudi uani kila asubuhi. Alikitazama kitenge. Hakukipokea.

"Mmekuja wangapi?"

Mugeta alimbana kiwiko. Nyuma yao, getini, mburuto ulikoma. Felisian alifikiria nyumba yake, meza, kikombe kimoja. Alifikiria kesho yake, na kesho kutwa.

"Watatu, Mama."

Mugeta aliachia kiwiko. Alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, akageuka, akakimbia kuelekea barabarani bila kuaga.

Mama Dorotea alitazama getini. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Anaburuta mguu upi, mwanangu?"

Angeweza kudanganya. Hakuwahi kudanganya kipimo.

"Wa kulia."

Kikongwe alifumba macho, machozi yakamtoka bila sauti. Alipoyafumbua aliinua mkono, akaegemea mwimo, akajibana kando ili mlango ubaki wazi.

"Karibuni," alisema.

Felisian aliingia. Kitu chenye ubaridi wa tope kilimpita ubavuni, kikiburuta, kikaelekea kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mama Dorotea alikuwa tayari mezani, birika mkononi, akiongeza sukari kwenye kikombe cha pili.